Jeep Inavutwa, Tesla Inabebwa

Wastaafu wengi wa Marekani wanaozunguka nchi kwa motahomu, lile gari lenye kitanda na jiko ndani, huvuta gari dogo nyuma, matairi yote manne chini. Zamani ilikuwa kazi rahisi: tia fri, funga chuma cha kuvutia, ondoka. Gari la umeme limevuruga mambo.

Fri yake ni ya kwenye skrini tu. Kati ya mota na matairi kwa kawaida kuna gia moja iliyoshikana muda wote, hakuna klachi. Tairi likizunguka, mota nayo inazunguka, na mota yenye sumaku za kudumu ikizungushwa huzalisha umeme, upende usipende. Kwenye mwendo mkali volti zake zinaweza kupita za betri, na hapo umeme hujipenyeza kwenye diodi za inveta bila kompyuta kuamuru. Oili nayo ina neno: kwenye Tesla Model 3 inasukumwa na pampu ya umeme, na gari likizimwa pampu imelala. Kitabu cha gari hilo kinataka libebwe matairi juu. Kulisukuma kunaruhusiwa kwa mita 10 hivi, chini ya kilomita 8 kwa saa.

Jeep Wrangler 4xe, haibridi ya kuchaji iliyoingia sokoni 2021, inavutwa bila shida. Mota yake kubwa imekaa kati ya injini na giaboksi, na nyuma ya giaboksi kuna transifa ya kawaida ya foo-wili. Transifa ikitiwa fri, gia zinaachana kweli: propela zinazunguka, mota haina habari. Giaboksi huachwa kwenye P. Ila kabla ya hapo dereva makini huwasha gari, akaweka rivasi, kisha D, akiachia breki taratibu. Likisogea hata kidogo, transifa haijaingia.

Kwa hiyo tusiulaumu umeme. Kilichokosekana ni kiungo cha kuachanisha, na watengenezaji wamekiacha ili kupunguza uzito na gharama.

Nissan Leaf, yenye mota mbele, hunyanyuliwa matairi ya mbele kwenye kitrela kidogo, ya nyuma yakajiendea. Model 3 inahitaji trela zima, na hapo ndipo hesabu inapogoma: gari kilo 1,800 hivi, trela la chuma zaidi ya nusu tani, ilhali motahomu nyingi za petroli mwisho wake ni kuvuta kilo 2,270.