Askari wa Pembeni

Hapa Kwa Mrombo, mchezo wa kungojea nyama ichomeke ni drafti. Vizibo vya soda vinagongwa ubaoni kwa kishindo, na kila aliyesimama karibu ana ushauri, aombwe asiombwe. Sataranji ya ligi haina kelele hizo. Mimi naipenda zaidi pale mwanzoni, kete zikiwa bado hazijagusana na mgeni akidhani hakuna kinachoendelea.

Chukua mechi ya timu za wanawake, wanne kwa wanne, kama inavyochezwa katika Olimpiadi ya sataranji tangu 2008. Nahodha anaweza kumshauri mchezaji wake atoe sare au aikubali. Kuhusu hali ya ubao haruhusiwi kutamka neno. Kwa hiyo aliye meza ya tatu huingia akijua timu inamtegemea kwa lipi. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, aliyefundishwa na Robert Katende, aliichezea Uganda katika mechi za namna hiyo huko Khanty-Mansiysk, Urusi, mwaka 2010. Baada ya Olimpiadi ya Istanbul, 2012, yeye na Ivy Amoko wakawa Waganda wanawake wa kwanza kupata vyeo vya sataranji vya kimataifa. Filamu ya 2016 ilimsimulia kwa umaskini wake. Mimi navutiwa zaidi na ustadi wake.

Sare ikitosha, mchezaji hujibana. Lakini timu ikidai ushindi naye ana kete nyeusi? Mweupe anasogeza askari wa mfalme hatua mbili. Yeye anajibu kwa askari wa askofu wa malkia, hatua mbili vilevile. Ndio ulinzi wa Sicilia, na kwangu hakuna jibu linaloushinda kwa ujasiri. Mweupe akimleta askari wa pili katikati, analiwa na yule wa pembeni, kisha farasi mweupe analipiza. Wamepoteza mmoja mmoja, ila mweusi amebaki na askari wawili wa katikati dhidi ya mmoja, na njia ya ngome yake imefunguka. Hilo hulipiwa kwa muda: kete za mweupe zimetoka upesi, na mfalme mweusi anaweza kuvamiwa kabla hajajificha. Hatua moja ikikosewa hapo, mchezo umekwisha. Ndiyo maana wachezaji hawa huzirudia hatua za kwanza nyumbani, usiku baada ya usiku, ili saa ya mezani iwakute na akili ambayo haijachoka.