Tanizaki na kivuli cha nyumba ya Kijapani

Wengi wakiona picha ya chumba cha Kijapani wanasema ni kitupu: mikeka chini, milango ya karatasi, ua moja pembeni, basi. Jun'ichirō Tanizaki, mwandishi wa Japani, alikuwa na jibu katika insha aliyoitoa mwaka wa 1933 na 1934, ile ambayo kwa Kifaransa inaitwa Éloge de l'ombre. Kwake chumba kile si kitupu, kimejaa kivuli. Paa linashuka sana, jua linachujwa na karatasi, na nuru inayobaki inazimikia polepole katika tokonoma, ile nafasi ya ukutani ya kuwekea picha na ua.

Hapa tunamkubali kabisa. Sehemu nzuri kupita zote ni ile ya hoteli moja ya kulia chakula kule Kyoto, ambako alikuta mishumaa imeondolewa, taa za umeme zimewekwa. Aliomba mshumaa. Kwa mwangaza ule mdogo ndipo aliona kwamba bakuli za laka, nyeusi ao nyekundu, zenye kutiwa dhahabu, zilitengenezwa kwa ajili ya giza; chini ya umeme zinapiga kelele tu. Fundi wa zamani alihesabu giza sawa na rangi. Sisi tunaowasha taa ya mafuta kila umeme ukikatika tunaelewa upesi, hata kama giza letu hatukulichagua.

Lakini akiacha bakuli na kuingia katika watu, tunaachana naye. Anafika mpaka kwenye ngozi: eti ya Mjapani, hata iwe nyeupe namna gani, iko na wingu ndani yake. Huko ni kugeuza paa kuwa damu! Na yeye mwenyewe alishataja sababu za paa lile: mvua, upepo, kukosa vioo.

Na wanawake? Anamkumbuka mama yake, uso na mikono, mengine yamemezwa na giza. Anasifu meno yaliyopakwa rangi nyeusi. Kama wale waliokaa mle ndani mchana kutwa walipenda kukaa, haulizi.

Mjane wake alisimulia kwamba siku moja mchoraji wa nyumba alimwambia Tanizaki: nimesoma insha yako, najua nyumba unayoitaka. Akajibu hapana, katika nyumba ya namna ile yeye hangeweza kuishi.