Wimbo Unaompa Mwimbaji Nafasi: Kuchagua Nyimbo za Kijapani za Karaoke

Wimbo wa Kijapani uliokunogea masikioni mwaka mzima unaweza kukutupa mkono mara tu unaposhika maikrofoni. Mwingine, ambao hukuwahi kuujali, ukajikuta unautoa kwa raha tangu neno la kwanza. Ajuaye kuchagua haanzi kwa kuuliza kama wimbo ni mtamu. Anauliza unampa mwimbaji nafasi gani: pa kuvuta pumzi, pa kupandia, pa kutua. Hapo ndipo ubora wa wimbo wa karaoke unapopimwa, na nyimbo nyingi maarufu hufeli mtihani huo.

Karaoke yenyewe ilianza kwa kumjali mwimbaji. Inoue Daisuke alikuwa mpiga muziki wa baa mjini Kobe, akiwasindikiza wateja waliotaka kuimba. Mteja mmoja, mkuu wa kampuni, alimwomba afuatane naye safarini. Inoue hakuweza kwenda, akamrekodia kanda ya muziki mtupu wa kuimbia. Mwaka 1971 alitengeneza mashine 11 na kuzikodisha kwenye baa. Wengine walishatangulia kuunda mashine za namna hiyo, akiwemo Negishi Shigeichi wa Tokyo mwaka 1967, lakini kisa cha ile kanda ndicho kinachonifunza zaidi: muziki ulimfuata mtu, si mtu kuukimbiza muziki.

Ndiyo maana nasema usione haya kubonyeza kitufe cha kushusha ngazi. Mifumo miwili inayotawala vyumba vya karaoke Japani, DAM na JOYSOUND, yote humruhusu mwimbaji kupandisha au kushusha wimbo mzima nusu noti kwa nusu noti, bila kubadilisha mwendo wake. Wapo wanaoona kwamba kuimba katika ngazi ya asili ndiyo ushujaa. Sikubaliani nao hata kidogo. Waimbaji wa kiume wa muziki wa pop wa Kijapani huimba juu sana. Noti ya A iliyo juu ya C ya kati, ambayo waimbaji wa huko huiita hiA, kwao ni ya kawaida, ilhali mwanamume asiyefunzwa huanza kukaza shingo kabla hajaifikia. Shusha ngazi mbili au tatu na wimbo hautapungukiwa na kitu. Mwanamume anayechagua wimbo wa mwanamke ana kazi zaidi: akiuimba oktava moja chini, mara nyingi beti zinazama asisikike. Inabidi atafute ngazi ya katikati, na aitafute kabla ya siku yenyewe.

Kabla ya kuuamini wimbo, usikilize kwa vipande. Wajapani huugawa wimbo wa pop katika A-mero, B-mero na sabi, yaani kiitikio. A-mero hudanganya, kwa kuwa karibu kila mtu anaiweza. Nenda moja kwa moja kwenye sabi, utafute noti ya juu kuliko zote, kisha uangalie imeangukia irabu gani. Noti ya juu juu ya "a" au "o" hufungua koo. Ikiangukia "i" au "u" hulibana, na mwimbaji asiye na mazoezi hutoa mlio mwembamba. Halafu hesabu noti hiyo inarudi mara ngapi, na usikilize hadi mwisho, kwa sababu watunzi wa Japani wanapenda mno kupandisha ngazi katika sabi ya mwisho, wakati umeshachoka. Kipimo kingine ni pumzi. Imba sabi nzima ukiwa umesimama, bila muziki. Ukilazimika kukata neno katikati ili uvute hewa, ama mtunzi hakukuwekea nafasi, ama hujaigundua bado. Jaribu mara ya pili. Ukikata tena palepale, achana nao.

Msemaji wa Kiswahili anaingia chumbani na mtaji ambao wageni wengi hawana. Irabu za Kijapani ni tano kama zetu, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu. Hata ile "n" inayosimama peke yake na kupewa noti yake haitusumbui, maana tumezoea kutamka "nchi" na "mtu". Tunapojikwaa ni kwenye mkazo. Ulimi wetu hutaka kuikandamiza silabi ya pili kutoka mwisho wa kila neno, na Kijapani hakina mkazo wa namna hiyo. Ukiuleta, mahadhi yanapindika na msikilizaji wa Japani anatambua mara moja. Irabu ndefu lazima ipewe urefu wake kamili. Konsonanti iliyorudufishwa hutanguliwa na kimya kifupi chenye hesabu yake kama silabi nyingine, na ukikiruka, umeshatangulia ala. Kwa hiyo wimbo wa kwanza wa mtu wetu uwe wa mwendo wa wastani, silabi moja kwa noti moja. Tena, maneno kwenye skrini huja kwa maandishi ya Kijapani, na ni baadhi tu ya nyimbo zinazoweza kuonyeshwa kwa herufi za Kirumi. Hakikisha wimbo uko kichwani.

Kwa kuanzia sijaona unaoushinda "Ue o Muite Arukō" wa mwaka 1961, maneno ya Ei Rokusuke na muziki wa Nakamura Hachidai. Ndio ule ambao Sakamoto Kyū aliufikisha nafasi ya kwanza katika chati ya Billboard ya Marekani mwaka 1963, Wamarekani wakiuita "Sukiyaki". Hauzunguki mbali, mwendo wake ni wa kutembea, kila mstari una mahali pa kupumua, na kuna kipande cha mluzi ambacho chumba kizima kinaweza kukipiga pamoja nawe. Jihadhari na jambo moja tu: Sakamoto aliwahi kuimba rokabili, na huzikatakata irabu kwa namna yake. Usimwige. Imba wazi, huzuni ya wimbo itajileta.

Mtihani wa kweli wa ladha ni enka, mtindo wa Kijapani wa nyimbo za majonzi. "Tsugaru Kaikyō Fuyugeshiki", ambao Ishikawa Sayuri aliutoa mwaka 1977, unamhusu mwanamke aliyefika Aomori kwa treni ya usiku kutoka Ueno, akapanda feri ya kuvuka kwenda Hokkaidō wakati wa baridi. Feri zile za reli ziliachwa mwaka 1988 reli ya chini ya bahari ilipofunguliwa, lakini wimbo bado unaagizwa. Angalia ulivyojengwa. Beti zinaanza chini, silabi zikienda tatu tatu kwa kila pigo, sauti imezuiwa kama ya mtu asiyetaka kulia mbele ya watu. Kisha unapofika kileleni mwimbaji anapewa "a" ndefu, iliyo wazi kabisa. Yote aliyoyazuia yanatokea hapo. Wengi huuharibu kwa kulia tangu mstari wa kwanza, wakifika kileleni hawana akiba. Wengine humwaga kobushi, ule mzunguko mfupi wa sauti ndani ya noti moja, kila mahali. Aliyekulia kwenye taarabu atautambua mtego huu, kwani pambo la sauti hupata thamani kwa kuwekwa mahali pake. Kama huna kobushi, usiigize. Enka iliyoimbwa kwa unyofu husikika vizuri.

Nyimbo za miaka hii zinahitaji macho makali zaidi. "Yoru ni Kakeru" wa YOASOBI, uliotoka mwaka 2019, ni kazi nzuri ya kusikiliza, ila mtunzi wake, Ayase, alitoka kwenye muziki wa Vocaloid, ambako anayeimba ni programu isiyohitaji hewa. Maneno yanafuatana kwa kasi na ngazi inabadilika kuelekea mwisho. Mwachie aliyeufanyia mazoezi. Mpenzi wa anime atahudumiwa vizuri zaidi na "Zankoku na Tenshi no Tēze" wa mwaka 1995, wa Takahashi Yōko, kutoka Neon Genesis Evangelion. Unafungua polepole ukutulize, kisha mdundo wake unakubeba, na wasikilizaji wanajua kila neno. "Ito" wa Nakajima Miyuki, wimbo wa mwaka 1992 unaopendwa sana harusini, unaonekana rahisi kwa sababu ni wa polepole, lakini upole wake hauachi mahali pa kuficha noti iliyopotoka.

Mashine itakupa alama. Inapima noti, mtetemo wa sauti, kobushi, na mengine, na inafaa kwa mazoezi. Isikuchagulie wimbo. Ninaziamini zaidi kengele za Nodo Jiman, shindano la waimbaji wa kawaida ambalo NHK, shirika la utangazaji la Japani, ilianza kulitangaza mwaka 1946: moja ina maana hukufaulu, na mlio mrefu wa kengele nyingi ni wa aliyefaulu. Kengele hizo huamriwa na binadamu waliokuwa wakisikiliza.

Wapime pia waliomo chumbani. Chumba hulipiwa kwa muda, kwa hiyo wimbo wa dakika saba wenye gitaa peke yake katikati ni kuwanyang'anya wenzako zamu. Usiimbe wimbo ambao mtu ameshauimba usiku huo. Ukiwa na wakubwa wa kazini, "Kawa no Nagare no Yō ni" wa Misora Hibari hauwezi kukuangusha, mradi ushushe ngazi mapema. Simu ya ukutani ikilia kusema muda unakaribia kwisha, huo si wakati wa wimbo wako wa siri. Agiza "Chiisana Koi no Uta" wa MONGOL800, uliotoka Okinawa mwaka 2001. Uko juu, na kwenye sabi sauti yako pekee haitatosha, kwa hiyo mpe jirani maikrofoni ya pili kabla ala hazijaanza.