Shahidi na Kielelezo: Michezo ya Upelelezi Mbele ya Mtazamaji wa Buha

Michezo ya televisheni inayohusu jinai na upelelezi hupimwa kwa kawaida kwa ustadi wa wachezaji wake na kwa ugumu wa fumbo lake. Vipimo hivyo vyafaa, lakini havitoshi katika nchi ya Buha, yaani Kasulu, Kibondo na vilima vya Kigoma vinavyozizunguka. Huko mpelelezi anaye mshindani, naye ni mtafuta wachawi. Mchezo ustahilio kutazamwa huko ni ule unaomwonyesha mtazamaji kwamba kulitaja jina la mkosaji si sawa na kulithibitisha kosa lake.

Mshindani huyo ana historia ndefu. Harakati za Kamchape zilitokea upande wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambako Audrey Richards alizieleza mwaka 1935. Roy Willis aliandika habari za kuenea kwake Ufipa mwaka 1968. Katika miaka ya 2020 jina hilo, pamoja na lile la rambaramba, limesikika sana vijijini Kigoma, na wakuu wa serikali wamewaonya wananchi juu yake. Desturi yenyewe ni nyepesi kueleza. Wageni huingia kijijini, hupewa fedha, huchimba uani mwa mtu, na hutoa pembe au kibuyu mbele ya umati. Kitu hicho huwa ndicho neno la mwisho. Mwenye nyumba hupoteza heshima yake, na pengine makazi yake.

Hapa lugha yenyewe yadai kuangaliwa. Neno ushahidi latokana na shahidi, yaani mtu aliyeona au aliyesikia. Kwa asili yake, basi, neno hili hutaka mtu aseme. Kiatu au jivu la sigara havina ulimi. Vitu vya namna hiyo mahakama huviita vielelezo, na jina hilo ni zuri, kwani latoka katika kueleza, nalo kueleza limezaliwa na kuelea: kilichozama hufanywa kielee juu ya maji. Neno la tatu ni dalili, nalo ni la hatari kidogo, maana hutumiwa na mpelelezi, na mganga, na mpiga ramli pia. Kazi ya mchezo wa upelelezi ni kuichukua dalili na kuifanya kielelezo, kisha kukilinganisha kielelezo hicho na maneno ya mashahidi.

Kwa kipimo hiki Columbo wa Marekani hana budi kupewa nafasi ya mbele. Mchezo huu uliotungwa na Richard Levinson na William Link ulionyeshwa kwanza mwaka 1968, ukawa mfululizo tangu mwaka 1971, na vipindi vyake vya mwisho vilitoka mwaka 2003, Peter Falk akiwa Luteni Columbo. Umbo lake ni la kinyume: mtazamaji humwona muuaji akiua tangu mwanzo. Jina lake si siri tena. Kilichobaki ni uthibitisho peke yake. Katika Murder by the Book (1971), kilichoongozwa na Steven Spielberg, mwandishi Ken Franklin anampeleka mwenzake kwenye nyumba yake ya mapumziko mbali na mji, anamshawishi ampigie mkewe simu na kumwambia kwamba bado yuko ofisini, kisha anampiga risasi huku mke akisikia. Mjane anapodai kwamba mumewe ameuawa ofisini, hasemi uongo, asema alichosikia. Ni shahidi mkweli wa jambo lisilo kweli. Kinachomshinda muuaji ni karatasi za marehemu, ambamo hila ile ile ilikwisha andikwa. Somo hili lina thamani kubwa mahali ambapo umati mzima waweza kuapa, bila kudanganya, kwamba uliona kibuyu kikitoka ardhini.

The Hound of the Baskervilles, uliotengenezwa na Granada ya Uingereza mwaka 1988, Jeremy Brett akiwa Sherlock Holmes, wakaribia zaidi hofu za vijijini. Ukoo waaminiwa kuandamwa na jibwa la kishetani. Lakini hotelini kiatu kipya cha mrithi chaibwa na kurudishwa, halafu kiatu kikuukuu chaibwa wala hakirudi. Shetani hahitaji harufu ya mguu. Mbwa aihitaji, na mbwa ana bwana wake. Hoja hiyo ni fupi, na aliyepata kuwinda na mbwa huielewa mara moja.

Njia hiyo si ngeni katika Kiswahili. Muhammed Said Abdulla wa Unguja aliipita katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapwa mwaka 1960, ambamo maiti ya Bwana Ali yakutwa mzimuni, na Bwana Msa, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum, amtafuta binadamu aliyeua. Hata hivyo Bwana Msa ana kasoro ambayo Holmes naye anayo: huyaficha mawazo yake hadi mwisho. Msomaji asiye mwangalifu aweza kumdhania mwaguzi mwenye akili kuliko waaguzi wengine.

Kasoro hiyo huzidi mchezo unapotafsiriwa. Wasimulizi wa filamu kwa Kiswahili, ambao Lufufu alikuwa mashuhuri miongoni mwao, wamezifikisha filamu za kigeni kwa watu wengi wasiojua Kiingereza. Ufundi wao ni wa kweli, na hufaa sana penye mapigano. Lakini mchezo wa upelelezi hukaa katika maneno madogo: saa ngapi, nani alifunga mlango, simu ilitoka wapi. Msimulizi akiyaruka, mtazamaji hubakiwa na jina la mkosaji tu. Buha jambo hili lataka uangalifu zaidi, kwa kuwa wengi walianza na Kiha kabla ya Kiswahili. Tangu Kasulu na Kibondo zilipounganishwa na gridi ya Taifa, badala ya kutegemea majenereta ya dizeli, vioo vyaweza kuongezeka. Tafsiri njema haiji kwa waya wa umeme.

Yabaki lawama moja juu ya Columbo mwenyewe. Mara nyingi muuaji hukiri, na mchezo hutulia hapo kana kwamba kukiri ni uthibitisho. Katika Murder by the Book Franklin akiri kwa majivuno, na karatasi peke yake isingetosha mahakamani. Mahali ambapo wazee wamepata kukiri uchawi kwa kuogopa umati, mwisho wa namna hii ni udhaifu mkubwa. Lakini sehemu iliyotangulia ni imara, kwani humzoeza mtazamaji kuuliza swali moja ambalo mchimbaji wa vibuyu hapendi kuulizwa: ni nani aliyelikagua shimo, na mikono ya mchimbaji, kabla ya jembe la kwanza?