Pembe Ndani ya Pembe

Neno pembe lina maana mbili zinazotuhusu hapa. Kuna pembe inayopulizwa, na kuna pembe ya chumba, ile ambayo wengi wetu siku hizi tunaiita kona. Spika kubwa zilizotengenezwa Marekani na Uingereza katika miaka ya 1940 na 1950 zilijaribu kuzikutanisha hizo mbili: kuchukua pembe ya kwanza, kuikunja, kisha kuiweka ndani ya pembe ya pili ili mtu asikilize muziki sebuleni kwake. Nataka kulinganisha nne za wakati huo, mbili zilizokubali kona na mbili zilizoikataa, na nina swali moja tu la kuzipima nalo. Je, pembe, ambayo ni chombo cha amri, inaweza kufundishwa kuzungumza?

Chombo cha amri, ndiyo. Katika makumbusho ya Lamu ipo siwa ya Pate, ya pembe ya ndovu, ndefu kuliko mtu mrefu. Haikupulizwa ovyo, ilikuwa ya sherehe za wenye enzi na nasaba, na aliyeisikia alijua kuna jambo na ni jambo la nani. Tukija karibu zaidi, kuna zile pembe za bati kwenye minara ya misikiti, na zile zinazofungwa juu ya magari wakati wa kampeni. Na msidhani ni sisi tu. Klipsch La Scala, ambayo leo watu wanaiweka sebuleni kwa fahari, ilibuniwa 1963 iwe kipaza sauti cha kampeni ya Winthrop Rockefeller alipokuwa akitafuta ugavana wa Arkansas. Huko Uingereza nako, jina la kampuni ya Tannoy limegeuka kuwa neno la kawaida la spika za matangazo.

Sababu iko kwenye hewa. Koni ya spika ya kawaida husukuma hewa iliyo huru, na hewa huru humkwepa anayeisukuma. Nguvu nyingi huishia kuwa joto tu. Pembe huibana hewa kwenye koo jembamba ili kiwambo kipate kitu cha kushika, halafu huiachia polepole hadi kwenye mdomo mpana. Haiongezi nguvu yoyote. Inapunguza upotevu. Spika nyingi ndogo za leo zikipewa wati 1 hutoa desibeli 85 hivi kwa umbali wa mita 1. Pembe kubwa hukaribia 105. Tofauti hiyo ya desibeli 20 maana yake ni kwamba ile ndogo inahitaji nguvu mara 100 ili kufikia sauti ileile. Mwaka 1926, sinema zilipoanza kuongea kwa mitambo ya Western Electric, amplifaya zilikuwa na wati chache mno kwa ukumbi wa mamia ya watu. Bila pembe, aliyeketi nyuma angetazama midomo tu.

Bei yake ni ukubwa. Wimbi la hertz 40, yaani besi ya kawaida tu, lina urefu wa zaidi ya mita 8.5, na pembe inayotaka kulitoa sawasawa inadai mdomo wa kumeza ukuta. Ndiyo maana waundaji walikimbilia kona. Kuta mbili na sakafu huendeleza kile ambacho mbao zimekianza, na mdomo unaohitajika unapungua hadi sehemu moja ya nane.

Tuanze na ile isiyojali kona. Altec Lansing ilitoa familia ya Voice of the Theatre mwaka 1945, na A7 ndiyo iliyozoeleka zaidi majumbani. Chini kuna sanduku lenye koni ya inchi 15 ndani ya pembe fupi. Juu kuna pembe ya chuma, wazi kabisa, haina haya. Ilikusudiwa kukaa nyuma ya pazia la sinema na kumfikia mtu wa mstari wa mwisho. Ukimweka mtu huyo mita 3 mbele yake, yeye amehama lakini spika haijui. Tarumbeta ya jazi inakuwa tarumbeta kweli, ngoma inakugonga kifuani. Lakini mwimbaji anayenong'ona anageuka kuwa mtu anayehutubia kwa upole, na besi ya chini kabisa hakuna, kwa kuwa pembe yenyewe ni fupi. A7 ni mgeni mzuri ambaye hajui kupunguza sauti anapoingia nyumbani kwa watu. Naiheshimu, ila nyumba yake ni ukumbi.

Klipschorn ndiyo yenye akili kuliko zote, na hilo silisemi kwa kuikejeli. Paul Klipsch, mhandisi wa Hope, Arkansas, alianza kuiuza mwaka 1946, na inatengenezwa hadi leo. Katika ile ya asili mgongo wa kabati uko wazi: kuta za nyumba yako ndizo zinazokamilisha pembe. Yaani unanunua nusu ya spika, nusu nyingine ulishaijenga. Hili ni wazo la kupendeza, na ndilo linaloifunga. Ukiwa na kona iliyojengwa vizuri unapata besi inayopumua bila jasho. Ukiwa na mlango kwenye kona, au dirisha, au ukuta wa mbao unaotikisika, umeishiwa. Na kuna kasoro ambayo kona nzuri haiiponyi. Sauti ya mwanamume inaanza chini ya hertz 200 na inapanda hadi maelfu; humo ndani inakatwa karibu na hertz 400. Sehemu ya chini inapita njia ndefu iliyokunjwa na kutokea ukutani, ya juu inatoka moja kwa moja mbele ya uso wako. Ya chini inachelewa. Sikio linasamehe, lakini linajua kwamba mtu mmoja amepewa midomo miwili.

Tannoy Autograph ya 1953 ilianza kutoka hapo hasa. Guy R. Fountain, mwanzilishi wa kampuni, aliipa saini yake iwe jina. Ndani yake kuna kipaza kimoja cha inchi 15 kiitwacho Dual Concentric: sauti za juu hupita katikati ya sumaku, na koni ya besi yenyewe inakuwa mwendelezo wa pembe yake. Juu na kati zinatoka kwenye kitovu kimoja, kama kinywa. Nyuma ya koni hiyohiyo, besi inazungushwa kwenye pembe ndefu iliyokunjwa ndani ya kabati la kona. Ina makosa yake. Besi inayopita nyuma huja imechelewa kidogo, ina unene ambao A7 haina, na watu wa ngoma kali wataiona nzito. Lakini mwimbaji anabaki mtu mmoja, mwenye kimo cha binadamu, mahali pamoja.

Ya nne ni JBL Paragon ya 1957. James B. Lansing, aliyeiachia Altec jina la ukoo na kwenda kuanzisha kampuni nyingine kwa herufi zake, alifariki 1949 na hakuiona. Wazo lilikuwa la Richard Ranger na umbo likachorwa na Arnold Wolf: kabati moja la zaidi ya mita 2.5, pembe mbili za sauti za kati zikielekezwa kwenye ubao uliopinda, nao ubao huo unasambaza muziki chumba kizima. Hakuna kiti cha mfalme. Kila aliyepo anapata fungu lake. Nampenda mtu aliyewaza hivyo. Ila ukitaka kujua mpiga udi ameketi wapi na fidla iko wapi, Paragon inakupa kwaya iliyokaribiana mno. Ni samani nzuri kuliko zote nne, tena yenye ukarimu, na ukarimu huo ndio unaoficha nyuso.

Mbona basi zikashindwa? Mwaka 1954 Edgar Villchur alileta AR-1, sanduku dogo lililozibwa lenye besi ya kushangaza. Kanuni inayohusishwa na J. A. Hofmann inasema hivi: besi ya chini, sanduku dogo, kutokula nguvu nyingi, chagua viwili, cha tatu usahau. Villchur aliacha cha tatu. Santuri za stereo zilipoingia madukani 1958, kila nyumba ikatakiwa kuwa na spika mbili, na nani ana kona mbili safi upande mmoja wa sebule? Wati zikawa rahisi, pembe ikarudi barabarani na kwenye mikutano. Wufa zinazotikisa ploti zetu Jumamosi ni wajukuu wa uamuzi huo: ndogo, na zenye njaa ya umeme.

Kwa hiyo wanaozisifu pembe za zamani kwa kelele wanasifu kitu kisicho chake. Kelele leo ni rahisi kununua. Faida yake iko chini. Chombo kinachohitaji nguvu kidogo hivyo hukitingisha kitu kidogo pia: pumzi kabla ya beti, ukucha kwenye uzi. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri za HMV, na sauti yake ikaingia majumbani kupitia pembe, ya nje au iliyofichwa ndani ya kabati. Mashine zile hazikuwa na kitufe cha sauti. Ulibadilisha sindano, ya upole au ya kishindo, basi. Na watu waliisogelea, hawakupigiwa kelele.

Kwa kipimo hicho nachagua Autograph, kisha Klipschorn kwa mwenye kuta za mawe. Paragon ni ya sherehe, A7 ni ya ukumbi. Ukibahatika kuzisikia, usikubali mwenyeji aanze kwa kuongeza sauti. Mwambie apunguze hadi mlio wa feni usikike. Halafu weka taarabu ya zamani, usikilize irabu ya mwisho ya kila neno, pale ambapo mwimbaji wetu hukawia na kulipamba. Irabu hiyo ikififia, hiyo ni spika ya kuitia watu mkutanoni.