Kidevu: Silikoni au Mfupa Wako Mwenyewe?

Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, kisha huingia mjini Mikumi, penye njia panda ya Kidatu na Ifakara. Malori, mabasi ya mikoani na bodaboda hukutana hapo usiku na mchana. Anayeanguka na pikipiki mara nyingi hutanguliza uso, na kofia nyingi za bodaboda hufunika utosi na masikio tu. Kidevu hubaki wazi. Kwa hiyo huku, habari ya kutengeneza kidevu haiwahusu wapenda urembo peke yao.

Kesi iliyo ngumu kuliko zote huanzia utotoni. Mtoto anaanguka kutoka mwembeni, anapigiza kidevu, anashonwa, anarudi kucheza. Pigo lile limekwishasafiri hadi kwenye kiungo cha taya, mbele kidogo ya sikio. Kiungo kikivunjika bila kutibiwa, kinaweza kuganda kwa mfupa. Usaha wa sikio uliopuuzwa nao unaweza kuleta balaa hilohilo. Mdomo unakataa kufunguka na taya linadumaa huku sehemu nyingine za uso zikiendelea kukua. Akifika ujanani kidevu kimerudi nyuma, chakula anakipitisha kwenye pengo la meno, na usiku anakoroma kwa sababu ulimi umekosa nafasi.

Kijana wa namna hii akifika kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, njia za kumtengenezea kidevu ni mbili kubwa.

Ya kwanza ni kupandikiza kipande cha silikoni, au plastiki yenye vitundu, juu ya mfupa uliopo. Daktari hupasua ndani ya mdomo au chini ya kidevu, anatengeneza mfuko mdogo juu ya mfupa, anakiingiza kipande na kushona. Kazi ni fupi, pengine hata kwa ganzi ya mahali, na mgonjwa asipoupenda uso wake mpya, kipande huweza kutolewa.

Ya pili ni kukata mfupa wa kidevu wenyewe na kuusogeza. Mwaka 1942 Hofer aliieleza njia hii kwa kupitia ngozi ya nje. Mwaka 1957 Trauner na Obwegeser wakaihamishia ndani ya mdomo, kovu likaacha kuonekana. Ndivyo inavyofanyika mpaka leo. Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi. Daktari hupasua upande wa ndani wa mdomo wa chini, akiacha ukanda wa msuli kwenye mfupa ili apate pa kushonea baadaye. Akiudharau ukanda huo, kidevu huja kulegea na kuning'inia, hata kama mfupa umekaa vizuri kabisa.

Kisha anautafuta mshipa wa fahamu unaotokea kwenye tundu la mfupa, chini ya magego madogo, kila upande. Mshipa huo ndio unaoupa mdomo wa chini hisia. Kabla ya kutokeza hujipinda chini kidogo ndani ya mfupa, kwa hiyo msumeno hupita milimita 5 hivi chini ya tundu, wala hausogei karibu na mizizi ya chonge, iliyo mirefu kuliko ya meno mengine. Kipande kilichokatwa husukumwa mbele, kikashikwa kwa bamba la titani na skrubu. Kabla ya mabamba, mafundi wa kazi hii walifunga kwa waya, na bado waya hufaa pale bamba linapokosekana.

Kwa nini mtu apitishwe kwenye yote hayo wakati silikoni ni kazi ya muda mfupi? Sababu moja ni kwamba silikoni hujua kuongeza tu. Kidevu kirefu haiwezi kukifupisha, na kilichopinda sana huishia kufichwa badala ya kunyooshwa. Mfupa uliokatwa huenda mbele, nyuma, juu, chini na kando. Sababu nyingine, ninayoiona nzito zaidi kwa kijana wetu, ni ulimi. Nyuma ya kidevu umejishika msuli mkubwa wa ulimi, na mkato ukiwekwa inavyopasa, mfupa unapokwenda mbele huuvuta msuli huo pamoja nao. Njia ya hewa hupata nafuu. Silikoni iliyokaa juu ya mfupa haigusi ulimi hata kidogo.

Ila kidevu ni cha mwisho katika foleni. Kiungo kilichoganda hufunguliwa kwanza, mgonjwa akafanya mazoezi ya kufungua mdomo kila siku, kwa maumivu, kwa miezi; asipofanya, kiungo huganda upya. Hata kumlaza kwa dawa ya usingizi si kazi ya kawaida: mdomo haufunguki, kwa hiyo mpira wa hewa hupitishwa puani kwa kamera, au koo hutobolewa. Baada ya hapo yatazamwe meno. Kama taya zima ni fupi, kuvuta ncha ya kidevu peke yake ni kupaka rangi nyumba iliyopinda.

Kuna mtego mwingine usiozungumzwa vya kutosha. Vipimo vingi vya sura vilivyomo vitabuni vilitokana na nyuso za Wazungu. Mstari wa Ricketts, kwa mfano, huchorwa kutoka ncha ya pua hadi kidevu, na midomo hutakiwa ikae nyuma yake. Midomo yetu mingi huupita mstari huo bila ugonjwa wowote. Daktari anayeufuata kwa upofu ataona kidevu kifupi mahali pasipo na kasoro, na atakivuta milimita kadhaa za bure. Picha za ndugu wa mgonjwa zina maana zaidi mezani hapo.

Sasa umbali. Mgonjwa wa Mikumi huanzia Hospitali ya Mtakatifu Kizito palepale mjini, au Kilosa. Lakini kitovu cha upasuaji wa taya nchini ni Muhimbili, Dar es Salaam, ambako mafunzo ya udaktari wa meno yalianza mwaka 1979, na ni zaidi ya kilomita 300. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 husimama Kilosa, na hilo limesaidia. Nauli na siku za kukosa kazi bado zipo palepale.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Matatizo ya mfupa uliosogezwa, kama uvimbe, ganzi ya mdomo au skrubu kulegea, mengi hujitokeza mapema, mgonjwa akiwa bado anahudhuria kliniki. Ganzi mara nyingi hupungua kwa wiki au miezi, ingawa kwa wachache hubaki. Mfupa ukishaunga, ni wake. Silikoni hubaki mgeni: inaweza kuhama, kuula mfupa ulio chini yake, au kushika usaha hata baada ya miaka. Haina damu ndani yake, kwa hiyo vidonge huzima moto juu juu, na mara nyingi dawa ya kweli ni kuitoa. Anayerudi kuendesha bodaboda kwenye barabara ileile ana sababu ya ziada ya kuihofia.

Kwa kidevu kilichopungua milimita chache, meno yakiwa yanakutana vizuri na mwenyewe akiishi karibu na bingwa, silikoni ni chaguo la haki na sitalibeza. Kwa kijana niliyemweleza, mfupa wake ndio jibu. Kama ni wewe au mwanao, kabla ya kusaini fomu ya ridhaa muulize daktari mambo matatu: kiungo cha taya kimepimwa, meno yanakutanaje, na usaha ukitoka mwaka wa tatu nikiwa Mikumi, nani atanitibu?