Je, Kromosomu Y ni "ya Kiume"?

Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, katika nchi ya Rufiji, alinyongwa na Wajerumani; neno lake "maji" likaendelea kutembea pasipo yeye. Ebrahim Hussein ameonyesha katika tamthiliya yake ya 1969 jinsi neno linavyoweza kumzidi nguvu aliyelitamka. Mwaka huohuo wa 1905, huko Marekani, Bi. Nettie Stevens alionyesha kwamba katika wadudu wa unga, mbegu yenye kromosomu moja ndogo ndiyo izaayo dume. Kromosomu hiyo huitwa Y. Baadhi ya wafasiri wetu huiita "kromosomu ya kiume", nalo hilo ni neno la kutembea peke yake.

Shina -ume kwetu halitaji maumbile tu. Mkono wa kuume ndio wa kulia. Mtu mwoga huambiwa ajikaze kiume. Basi msomaji wa istilahi hiyo hudhani nguvu na ushujaa vimo humo. Kumbe Y ilitokana na jozi ya kromosomu za kawaida, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, na tangu hapo imepoteza sehemu kubwa ya jeni zake. Jennifer Graves wa Australia alikadiria kwamba itatoweka kabisa. David Page wa Marekani na wenzake wakajibu mwaka 2012 kuwa katika miaka milioni 25 imepoteza jeni moja tu ya asili. Mfasiri akiandika "kiume", ubishi huo hugeuka habari ya kwisha kwa wanaume! Lakini panya wa miiba wa kisiwa cha Amami, Japani, hawana Y, na madume wapo. Tena, jogoo ana kromosomu mbili zinazofanana. Mwenye zisizofanana ni tembe.

Jambo hili si la darasani tu. Tangu Septemba 2025 Shirikisho la Riadha Duniani linawataka wanaotaka kushindana katika mashindano ya wanawake wapimwe jeni SRY, iliyogunduliwa mwaka 1990 katika Y. Mkalimani akikiita "kipimo cha jinsia", amekwisha kutoa hukumu. Wako wanawake wenye Y ambao miili yao haiitikii homoni za kiume, wakazaliwa na kulelewa wasichana. Mmoja wao akiambiwa "una kromosomu ya kiume", atasikia kwamba yeye ni mwanamume. Na kijijini kwake neno hilo halitarudi kinywani lilikotoka.

Yafaa basi tuseme "kromosomu Y" na "kipimo cha jeni SRY". Watakuwapo watakaolalamika kwamba herufi tupu si Kiswahili. Hao hao hununua vitamini C dukani bila kuomba tafsiri.